Tuwabane viongozi kabla mkataba haujatiwa sahihi

MSOMAJI mpenzi, utakaponunua tena tokeni za stima, usiishie kwenye zile tarakimu ishirini unazobonyeza kwenye mita. Tazama pia jinsi pesa zako zilivyogawanywa. Utagundua kwamba katika shilingi mia tano ulizotoa, si zote zilizonunua stima. Kuna kodi, kuna ada hii na ile, na miongoni mwazo imo ada ya mafuta. Hiyo unailipa kwa sababu sehemu ya stima yetu ingali inatokana na mitambo ya kuchoma mafuta, na mafuta hayo yakipanda bei huko ng'ambo, mama wa Kayole na mwanafunzi aliyekodi chumba kule Kahawa huipata habari hiyo kupitia simu zao.

Nimeanza na tokeni makusudi. Wako watu wengi ambao wakisikia kwamba serikali zinashinikizwa ziache kuchimba mafuta, gesi na makaa ya mawe, hudhani hayo ni mazungumzo ya wanasayansi na mabalozi katika mahoteli makubwa, na kwamba mzazi anayetafuta karo hana lake hapo. Mimi naona kinyume. Mzazi huyo ndiye mlipaji, na kwa hivyo ndiye anayestahili kuuliza maswali kabla wakubwa hawajatia sahihi. Baada ya sahihi, huwa tumebaki kulia na kulipa.

Tukumbushane kwa ufupi jambo hili lilivyozuka. Makaa ya mawe, mafuta na gesi yakichomwa hutoa hewa ya kaboni, nayo huifunika dunia kama blanketi na kulizuia joto lisitoke. Sisi wa Afrika Mashariki matokeo yake tumeyaona kwa macho. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walitoa ripoti Aprili 2023 wakisema kwamba kuongezeka kwa joto la dunia kuliufanya ukame wa namna hiyo uwe rahisi kutokea angalau mara mia moja zaidi. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2024, wafugaji wangali wanahesabu mizoga, maji yakaja na kusomba nyumba za watu Mathare na Mai Mahiu.

Nazo serikali za ulimwengu zimekuwa zikikutana juu ya hali ya hewa kila mwaka, karibu bila kukosa, tangu mkutano wa Berlin wa 1995. Unajua ni lini nchi zote zilikubali kuandika katika mwafaka wao kwamba dunia iondoke kwenye mafuta, gesi na makaa ya mawe? Ni Desemba 2023, mjini Dubai. Miaka ishirini na minane kutamka neno moja! Na hata walipolitamka, hawakuweka tarehe. Novemba 2025 walikutana tena Belém, nchini Brazil, na zaidi ya nchi 80 zikataka uandaliwe mpango wa hatua za kuyaacha mafuta hayo. Mwafaka wa mwisho ukafungwa bila hata kuyataja.

Ukingoja mikutano ya namna hiyo ikuokoe, utangoja sana. Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya watu wa Lamu, kwa sababu wao hawakungoja.

Mwaka 2013 serikali mpya ya wakati huo ilitangaza kwamba itaongeza zaidi ya megawati 5,000 za stima katika miezi 40. Mojawapo ya miradi iliyokusudiwa kuleta stima hiyo ilikuwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 mahali panapoitwa Kwasasi, kiasi cha kilomita ishirini tu kutoka mji wa kale wa Lamu. Mwaka 2014 zabuni ilikwenda kwa kampuni iitwayo Amu Power, ambayo wenyewe walikuwa Gulf Energy na Centum. Gharama yake ilitajwa kuwa dola bilioni mbili. Makaa yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini kwanza, halafu baadaye yachimbwe kwetu, katika bonde la Mui, Kaunti ya Kitui. Kwa maneno mengine, mtambo mmoja pwani ungefungua machimbo Ukambani, ambako wakulima tayari walikuwa wakiishi bila kujua kama wajenge nyumba ya mawe au wangoje kuhamishwa.

Lamu si mahali pa kuchezewa. Mji wake wa kale uliandikwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001. Watu wake huishi kwa bahari. Mvuvi wa Lamu hakuhitaji kusoma fizikia ndipo aulize maji ya moto yatakayotoka mtamboni yatamwagwa wapi, na majivu yatazikwa wapi, na upepo wa kaskazi ukivuma vumbi hilo litatua kwa nani. Aliuliza. Alijibiwa kwamba kutakuwa na kazi.

Septemba 2016, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliupa mradi leseni. Wengi wangeishia hapo, wakasema serikali imeamua na serikali ni siri kali. Lakini wakazi waliojikusanya chini ya kikundi cha Save Lamu, pamoja na wenzao kadhaa, walikuwa wamejifunza jambo moja la kisheria ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue: leseni ya NEMA inaweza kukatiwa rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na siku zinazotolewa ni sitini. Wakakata rufaa Novemba mwaka huohuo, siku zikiwa bado hazijaisha.

Kesi ilikwenda karibu miaka mitatu. Wakati huo wote walioutaka mradi hawakunyamaza. Hata aliyekuwa balozi wa Marekani, Kyle McCarter, alijitokeza hadharani mwaka 2019 kuyatetea makaa ya mawe. (Sijui kama aliwahi kuona jivu lake likianguka kwenye wali.) Ila Juni 26, 2019, Jopo lilifuta leseni ile. Lilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliyokuwa imefanywa ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, na baada ya ripoti ya athari kukamilika watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kuielewa na kutoa maoni. Likasema tena kwamba sheria ya mwaka 2016 ya mabadiliko ya tabianchi haikuzingatiwa.

Sikiliza vizuri hapo. Jopo halikusema kwamba makaa ya mawe ni haramu. Lilisema mwananchi hakuulizwa. Hiyo ndiyo kamba iliyoufunga mradi wa dola bilioni mbili, na ilifumwa na wavuvi, wakulima na vijana waliohifadhi barua na tarehe zao.

Kamba hiyo ilivuta nyingine. Mwaka uleule wa 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisema haitaufadhili mradi huo. Mwaka 2020 ikajiondoa benki ya China ya ICBC, iliyotegemewa kutoa mkopo mkubwa, na kampuni ya Marekani ya General Electric, iliyokuwa iingie kama mshirika, ikatangaza inaacha kujenga mitambo mipya ya makaa ya mawe. Amu Power ilikata rufaa yake, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi ikaitupilia mbali.

Sasa njoo kwenye pesa, maana najua yuko baba anayesoma hapa akisema, "Na stima je?" Mwaka 2018 Kenya nzima ilihitaji kiasi cha megawati 1,800 ile saa ya jioni ambapo kila mtu amewasha taa na televisheni. Mtambo mmoja wa Lamu ungekuwa zaidi ya nusu ya hizo. Na mkataba wenyewe ulikuwa wa miaka 25, wenye kifungu cha kulipia mtambo kuwepo, uwe unazalisha stima au umelala. Malipo hayo yalikadiriwa kuwa dola milioni 360 hivi kwa mwaka. Zingetoka wapi? Rudi kwenye tokeni zako.

Usidhani hayo ni vitisho. Hata kwa mradi mzuri wa upepo kule Loiyangalani, serikali ililazimika kulipa fidia kwa sababu nyaya za kusafirisha stima zilichelewa kukamilika. Mkataba mbaya haubagui, ila mkataba wa makaa ungetufunga kwa kitu ambacho dunia yenyewe imeanza kukiacha. Na kumbuka kwamba takriban asilimia 90 ya stima inayozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Ile ada ya mafuta uliyoiona ni ya sehemu ndogo iliyobaki, na tazama jinsi inavyouma. Fikiria ingekuwa ya nusu.

Hadi hapa ni rahisi kunikubalia, kwa kuwa makaa ya Lamu yangeagizwa kutoka nje. Ugumu unaanza tukielekea kaskazini, kwenye mafuta tuliyo nayo wenyewe.

Mwanafunzi mmoja wa chuo alinishika shati, si kwa ubaya, akaniuliza: "Mbona sisi? Marekani inachimba, Norway imetajirika, Waarabu wamejenga miji jangwani. Turkana wamepata chao, mnawaambia waache?" Swali hilo ni la haki na halijibiwi kwa hotuba. Mimi mwenyewe siwezi kumwambia mfugaji wa Lokichar kwamba yeye, ambaye hajawahi kumiliki gari, ndiye anayepaswa kuiokoa dunia. Waliochoma zaidi watangulie kuacha. Hilo halina mjadala.

Lakini tuyatazame mafuta yenyewe. Rais Kibaki alitangaza Machi 2012 kwamba yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1. Tukashangilia, na wengine wakakimbilia kununua ploti. Makadirio ya mafuta yanayoweza kutolewa katika bonde la Lokichar ni mapipa milioni 560. Ni mengi? Dunia hutumia kiasi cha mapipa milioni 100 kwa siku moja. Gawanya mwenyewe: yote ya Lokichar hayatimizi matumizi ya siku sita. Isitoshe, ni mafuta yenye nta, yanayoganda kama mafuta ya mkebe asubuhi ya baridi, kwa hivyo lazima yapashwe moto ndipo yasafiri zaidi ya kilomita 800 hadi baharini. Na maji ya kusukuma mafuta kutoka ardhini, katika nchi ambayo mama hutembea nusu siku kutafuta debe moja, yalipangwa kuvutwa kutoka bwawa la Turkwel.

Juni 2018 malori yalianza kuyabeba kwenda Mombasa. Hazikupita wiki nyingi wakazi wakayazuia barabarani, wakidai usalama na haki yao, mpaka wakubwa wakaketi nao. Agosti 2019 shehena ya kwanza iliuzwa nje kwa takriban dola milioni 12. Mwaka 2020 shughuli hiyo ya majaribio ikasimama, mwaka uleule ambao bei ya mafuta duniani iliporomoka vibaya. Mwaka 2023 kampuni mbili kati ya tatu zilizoshirikiana, TotalEnergies na Africa Oil, zilifunga virago. Mwaka 2025 Tullow ya Uingereza, iliyokuwa imebaki, ikauza mali yake ya Kenya kwa Gulf Energy. Jina hilo umelisoma hapo juu, kwenye habari za Lamu. Serikali nayo ikatangaza kwamba inalenga mafuta yaanze kutoka mwaka 2026.

Kwa sheria ya mafuta ya 2019, serikali kuu hupata asilimia 75 ya mgao wa nchi, kaunti 20, na jamii ya mahali 5. Ila mgao huo huja baada ya kampuni kujirudishia gharama zake kutoka kwenye mauzo. Wakati kampuni za Ulaya zenye uzoefu wa miaka mingi zimepima zikaona ziondoke, je, si halali yetu kuuliza ni nani atabeba hasara bei ikianguka? Na visima vikikauka, au dunia ikiacha kununua, nani atasafisha ardhi ya malisho? Ameweka pesa wapi? Vitafungwa mwaka gani?

Swali la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Kiongozi atakuambia kwa tabasamu kwamba nchi itaacha mafuta "polepole". Mwombe tarehe. Denmark, iliyokuwa mchimbaji mkubwa zaidi wa mafuta katika Umoja wa Ulaya, iliamua Desemba 2020 kwamba haitatoa leseni mpya za kutafuta mafuta katika Bahari ya Kaskazini na kwamba uchimbaji utakoma ifikapo 2050. Unaweza kusema 2050 ni mbali, na mimi nitakubaliana nawe. Lakini ni tarehe. Mpiga kura anaweza kuishika na kumwuliza waziri umefika wapi.

Na tarehe nayo hailindwi kwa kulala. Ecuador ni nchi inayotegemea mafuta, iliyokuwa mwanachama wa OPEC hadi Januari 2020. Vijana wa huko walikusanya sahihi zaidi ya 750,000 kutaka kura ipigwe juu ya visima vilivyo katika mbuga ya Yasuní, ndani ya msitu wa Amazon. Mwaka 2014 tume ya uchaguzi ilizikataa nyingi kwa visingizio vya fomu na karatasi. Wakaenda mahakamani wakasubiri. Agosti 20, 2023, wananchi walipiga kura, na asilimia 59 hivi wakasema mafuta yabaki ardhini. Serikali ikapewa mwaka mmoja. Mwaka ulipotimia, Agosti 2024, ndipo ilipofunga kisima cha kwanza, katika visima zaidi ya mia mbili, ikisema kazi iliyobaki ni ya miaka. Miaka tisa ya kudai kura, na bado kushinda kura kukawa nusu ya safari.

Basi wewe ulioko Umoja, Kisauni au Kondele, ukiwa na watoto wawili shuleni na kodi ya nyumba inakungoja, utafanya nini?

Katiba ya 2010 inakupa zana ambazo baba zetu hawakuwa nazo. Kifungu cha 71 kinataka mikataba ya kuchimba rasilmali asili iidhinishwe na Bunge. Kwa hivyo mbunge wako ana kura katika jambo hili, hata kama eneo lake halina kisima. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba wewe binafsi umeumia. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi uliyoiandikia ikujibu kabla ya siku 21. Omba mkataba. Omba ripoti ya athari za mazingira. Wakikunyima, barua yao ya kukunyima ni ushahidi. Wakinyamaza, nakala ya barua yako yenye mhuri wa kupokewa nayo ni ushahidi. Lamu walishinda kwa karatasi za namna hiyo.

Ukimwandikia mbunge, usinakili barua iliyoandikwa na shirika fulani ikatumwa na watu elfu moja. Makarani huzijua hizo na kuzifunga pamoja kwa raba. Andika yako, fupi, kwa Kiswahili chako. Taja kata unayopigia kura, kwa maana hapo ndipo masikio ya mheshimiwa husimama. Uliza mambo mawili au matatu tu: mkataba uko wapi, hasara ni ya nani, visima vitafungwa mwaka gani. Wanafunzi wanaweza kuifanya kazi hii katika chama cha mazingira au cha midahalo, na mwalimu akasahihisha insha zenye faida. Anayeishi karibu na mradi wowote, uwe ghala la gesi au kituo cha petroli kilicho ubavuni mwa shule, asiache kufika NEMA wanapoita maoni, wala asisahau zile siku sitini.

Kifungu cha 119 nacho kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni juu ya jambo lolote lililo katika mamlaka yake. Huhitaji wakili. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, likiwa na jina lako, anwani yako, unachotaka Bunge lifanye, na sahihi au alama ya kidole. Hupelekwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, Nairobi, na ukilipeleka mwenyewe, usiondoke mlangoni kabla nakala yako haijapigwa mhuri.